Maji ya Tanuf: Imamu, Sultani na ndege za Mwingereza

Jamaa zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi wa Dar na Mombasa msije mkasema nimekusahauni. Najua muda mrefu umepita sijaandika kitu, kazi zimenibana na joto la mwaka huu lilikuwa la kuchemsha ubongo. Leo sina khabari za harusi wala bei ya dhahabu ya Matrah. Leo nataka kuzungumza khabari ya chupa ya maji.

Kila aliyekuja kututembelea huku Maskati ameyanywa maji ya Tanuf. Ndiyo yale tunayokununulieni katoni nzima mkishuka uwanja wa ndege, mnayanywa ndani ya gari huku mkishangaa barabara. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza Tanuf ni nini. Na mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo sikuuliza, nikidhani ni jina tu kama majina ya sabuni. Mpaka siku moja tulipokwenda Nizwa na watoto, tukashika njia ya Bahla, nikaona kibao cha Tanuf nikakata kona.

Ukiingia unakuta magofu. Mji mzima wa udongo, kuta zimesimama nusunusu, milango haina mbao, na ubavuni maji ya falaji yanapita baridi kama hayajui lililotokea. Nyuma yake mlima, ule wa Jabal Akhdar, umepanda wima kama ukuta. Mwanangu akaniuliza, "Nani kavunja nyumba zote hizi?" Nikamwambia pengine mvua. Mzee mmoja aliyekaa kivulini alisikia Kiswahili chetu, akacheka, akatujibu kwa Kiswahili cha Pemba safi kabisa, maana aliwahi kuishi Wete ujanani. "Mvua gani hiyo? Mvua ya Mwingereza hiyo."

Basi tangu siku ile nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Na mwezi uliopita mdogo wangu wa Mkunazini alinipigia simu, tukazungumza mambo ya dunia kama kawaida yake, akaniuliza: "Hivi watu wakitaka wenyewe kutawaliwa kwa dini yao, wakubwa wanawaacha?" Alikuwa na Algeria ya 1992 kichwani, na Mogadishu ya 2006 Wahabeshi walipoingia kuziondoa Mahakama za Kiislamu. Nikamwambia mifano yake ni mizuri lakini kuna mmoja ulio karibu nasi zaidi, una mkono wa Zanzibar ndani yake, na nitamwandikia. Ndio huu.

Sisi tuliokulia Zanzibar tukisikia neno imamu tunamfikiria yule anayetusalisha. Kwa Maibadhi wa Omani Imamu alikuwa pia mtawala. Na tafauti yake na sultani ni kwamba hakurithi. Maulamaa na wakubwa wa makabila wanakutana, wanamtafuta mtu mwenye elimu, uadilifu na uwezo, hata kama si mtoto wa mtu, wanambai, na watu wengine wanafuata kubai. Akienda kinyume na sheria wanaweza kumuondoa. Kama hakuna anayefaa, au adui ana nguvu, watu wanakaa bila ya Imamu mpaka wakati ufae. Wenyewe wana jina la hali hiyo, kitman, yaani kujificha. Imamu wa kwanza wa Omani, Julanda bin Mas'ud, alichaguliwa katikati ya karne ya 8, akauliwa na jeshi la Bani Abbas mwaka 752. Kwa hiyo hata Imamu wa mwanzo kabisa alikwisha kwa jeshi lililotoka nje. Mwenye kutaka kuona jambo hapo na aone.

Sitakuchosheni na karne zote. Mayaarubi walianza kwa kuchagua, Nasir bin Murshid mwaka 1624, na ndio hao waliomtoa Mreno Mombasa mwaka 1698. Lakini taratibu utawala ukageuka wa baba na mwana. Mabusaidi nao vilevile, Ahmad bin Said alichaguliwa Imamu, baada ya mwanawe jina la Imamu likaachwa. Wakubwa wa Maskati wakajiita Seyyid, baadaye Sultani. Seyyid Said wetu, aliyejenga Unguja na kupanda mikarafuu, hakuwa Imamu hata siku moja. Alikuwa mtu wa bahari na biashara, na rafiki wa Mwingereza.

Sasa hapa ndipo mkono wetu unapoingia. Seyyid Said alipokufa mwaka 1856 watoto wake wakagombania, Thuwaini yuko Maskati, Majid yuko Unguja. Mwingereza akaamua mwaka 1861 kwamba nchi ni mbili, na Unguja, kwa kuwa ndiyo tajiri, iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Fedha za karafuu hizo, na tusidanganyane, na za watumwa pia. Thuwaini akauliwa na mwanawe mwenyewe mwaka 1866. Mwaka 1868 maulamaa na makabila wakamuondoa yule mwana, wakamchagua Imamu, Azzan bin Qais, naye Mbusaidi wa tawi jingine. Nyuma yake alikuwepo mwanachuoni mkubwa Said bin Khalfan Al-Khalili. Mlishike jina hilo, litarudi.

Mwingereza hakumtambua Azzan. Fedha za Unguja hazikumfika. Alitawala kwa ukali wa dini, tumbaku marufuku, ngoma marufuku, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Maskati hawakumpenda. Mwanzoni mwa mwaka 1871 Turki, mtoto mwingine wa Seyyid Said, akarudi kutoka uhamishoni na fedha, na sehemu ya fedha hizo ilitoka Unguja, akampiga Azzan vita vya Matrah, Azzan akafa. Kufika 1873 zile reale 40,000 zikawa zinalipwa na Serikali ya Kiingereza ya India yenyewe, kwa sharti kwamba Sultani atimize mikataba na aendelee kuonyesha urafiki. Yaani mshahara. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu nikaenda kupika chai.

Watu wa bara ya Omani hawakusahau. Mwaka 1913 mwanachuoni kipofu, Nuru Din Abdallah bin Humaid As-Salimi, aliwakusanya wakubwa wa makabila. Walikusanyikia wapi? Tanuf. Palepale penye magofu. Wakamchagua mwanafunzi wake, Salim bin Rashid Al-Kharusi, akawa Imamu. Mwenyeji wao alikuwa Himyar bin Nasir, mkubwa wa Bani Riyam. Huku Unguja khabari zilipofika, Sheikh Nasir bin Salim Al-Bahlani, yule tunayemwita Abu Muslim, kadhi wetu, mshairi, na mwenye gazeti la An-Najah lililoanza mwaka 1911, alishika kalamu akawatungia kasida za kuwahimiza watu wasimame na Imamu. Wazee wengi huku wanazijua kwa moyo mpaka leo, wanazisoma machozi yanawatoka, na wengi hawajui kwamba zilitungwa chini ya miembe ya Unguja. Hilo ni jambo la kujivunia kidogo, niruhusuni.

Mwezi wa Januari 1915 wapiganaji wa Imamu, kiasi cha elfu tatu, waliishambulia Maskati. Walikutana na askari wa Kihindi 700 hivi wa jeshi la Mwingereza, wakapigwa vibaya sana wakarudi milimani. Bila askari hao, Sultani wa Maskati asingelala kwake usiku ule. Hili si maoni yangu, kila aliyeandika historia ile anasema hivyohivyo.

Vita havikumpa mtu ushindi. Sultani hawezi kwenda bara, Imamu hawezi kuteka pwani. Mwingereza akabana njia nyingine: tende na mazao ya bara yakipita bandarini yanatozwa ushuru wa adhabu. Mwaka 1920 Imamu Salim akauliwa, akachaguliwa Muhammad bin Abdallah Al-Khalili, mjukuu wa yule Said bin Khalfan. Na tarehe 25 Septemba mwaka huohuo, kwa udalali wa balozi mdogo wa Kiingereza, Ronald Wingate, mkataba ukatiwa saini hapa Seeb.

Mimi naishi Seeb. Naenda sokoni kununua changu na nguru palepale karibu na pwani, na hakuna kibao wala jiwe linalosema jambo hili lilifanyika hapa. Mkataba wenyewe mfupi. Watu wa bara wasitozwe zaidi ya asilimia 5 kwa bidhaa zao, wasafiri kwa amani, na Sultani asiingilie mambo yao ya ndani. Nao wasiishambulie pwani. Neno Imamu kama mkuu wa dola halikuandikwa, Wingate alilikwepa. Kila upande ukausoma utakavyo. Bara wakasema: sisi nchi yetu. Maskati wakasema: tumewapa ruhusa ya kujiendesha. Na Mwingereza, aliyekaa katikati, akauweka kabatini miaka mingi bila ya kuutangaza.

Lakini ulifanya kazi. Miaka 34 Imamu Al-Khalili alikaa Nizwa, akahukumu, akakusanya zaka, akateua makadhi na maliwali. Inasimuliwa kwamba aliuza mali yake mwenyewe kuijaza Baitulmali. Usiniulize kama ilikuwa pepo. Tumbaku ilikatazwa bado. Skuli ni za Qur'ani na fiqhi, hospitali hakuna. Mimi na taarabu zangu ningefungwa wiki ya mwanzo. Lakini mtu akitoka kijijini na mashtaka yake alikuwa anakaa mbele ya Imamu uso kwa uso, na wazee wote niliowauliza, hata wale ambao familia zao zilikuwa upande wa Sultani, wanalisema hilo.

Mpaka yakaja mafuta.

Mwaka 1937 Sultani Said bin Taimur aliipa kampuni ya kundi la mafuta la Iraq, IPC, haki ya kutafuta mafuta katika nchi yake yote kwa miaka 75. Katika hiyo "nchi yake yote" iliingizwa bara ambayo mkono wake haufiki na mguu wake haujawahi kukanyaga. Baada ya vita vikuu vya pili kampuni ikataka kwenda Fahud, jangwani nyuma ya milima. Ili ufike lazima upite kwa watu wa Imamu. Na Saudia nao wakaingia Buraimi mwaka 1952 wakisema pale ni pao, kwa sababu hiyohiyo ya mafuta. Hapa kuna kituko ambacho wengi hawakijui: mwaka ule Sultani na Imamu walikubaliana kwenda pamoja kuwatoa Wasaudi, watu wakakusanyika Sohar kwa maelfu, na Mwingereza ndiye aliyemwambia Sultani asiende, tutalimaliza kwa mazungumzo. Huwa najiuliza, kama wangeachwa wale wawili wakapigana bega kwa bega, yaliyofuata yangefuata?

Mwaka 1954 kikashuka Duqm kikosi kipya, jeshi la Sultani kwa jina, maofisa wake Waingereza, na gharama zake zinalipwa na kampuni ya mafuta. Mwezi wa Mei Imamu Al-Khalili akafariki. Akachaguliwa Ghalib bin Ali Al-Hinai. Lazima niseme kweli kwamba uchaguzi wake haukukubaliwa na watu wote kama wa mtangulizi wake, ulifanywa kwa haraka, na baadhi ya wakubwa, kama Ahmad bin Muhammad Al-Harthi, waliegemea kwa Sultani. Ghalib akaomba kujiunga na Umoja wa Nchi za Kiarabu, kama nchi. Kikosi cha kampuni kikaichukua Ibri mwaka huohuo, na Desemba 1955 kikaingia Nizwa bila ya risasi. Bendera nyeupe ya Imamu ikashuka ikapanda nyekundu. Sultani akatoka Salala kwa msafara wa magari, akakata jangwa, akaiona Nizwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ghalib akajiuzulu, akarudi kijijini kwao Bilad Sait. Mwezi uliofuata kuchimba kukaanza Fahud. (Kisima kilikuwa kikavu! Mafuta ya kuuza hayakupatikana mpaka 1962, tena penginepo, Yibal.)

Yangekwisha hapo, lakini ndugu wa Imamu, Talib bin Ali, alikuwa amekimbilia Saudia. Akakusanya Waomani waliokuwa wakifanya kazi huko, wakafunzwa, wakapewa silaha, na katikati ya mwaka 1957 akarudi. Imamu akatangaza tena uimamu wake. Kikosi cha Sultani kikapigwa kikasambaratika. Suleiman bin Himyar, mtoto wa yule Himyar wa Tanuf, akajiunga nao. Kwa siku chache bara yote ikarudi mikononi mwao.

Julai ile Sultani aliandika barua kuomba msaada London. Kumbukeni ni mwaka 1957, Mwingereza ana jeraha la Suez halijafunga mwaka. Hakutaka kelele. Zikaja ndege aina ya Venom, zikaangusha vikaratasi kuwaambia watu watoke, kisha zikazipiga ngome kwa roketi: Nizwa, Izki, Birkat al-Mauz, Bahla, Tanuf. Mwezi wa Agosti askari wa ardhini wakaingia Nizwa. Tanuf, kwa kuwa ni kwa Suleiman bin Himyar, haikuachwa na ngome iliyobomoka tu, ilivunjwa mji mzima ili watu wasirudi. Ndizo zile kuta alizoziona mwanangu.

Viongozi watatu, Ghalib, Talib na Suleiman, wakapanda Jabal Akhdar, na mlima ule ukipandwa na watu wenye bunduki hauteremshwi kwa urahisi. Una vijiji juu, komamanga, mawaridi, maji, urefu wake unafika mita 3,000 hivi. Wakakaa huko mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1958 ndege za Shackleton zikaongezwa. Yalipigwa mashamba, na mifereji ya maji nayo. Tafadhalini litazameni hili kwa macho ya mtu wa nchi kavu: falaji ni kazi ya mababu kwa mababu, ukiivunja umekata uhai wa kijiji, hujampiga mpiganaji peke yake.

Mwisho kikaletwa kikosi maalumu cha SAS kutoka msitu wa Malaya. Hawakuzidi mia mbili. Kuna mkasa wa punda hapa ambao lazima nikusimulieni. Kwa kubebea mizigo walinunuliwa punda kutoka Somalia, wadogo, wakashindwa mlima wakatia aibu. Na wale wachungaji wakuu wa punda wakaambiwa kwa siri kubwa, "usimwambie mtu", kwamba shambulio litapita Tanuf. Siri ikafika kwa Talib haijalala. Wapiganaji wakakusanywa upande wa Tanuf, na usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari 1959 Waingereza wakapanda upande mwingine. Asubuhi wapo juu. Viongozi wote watatu wakateremka kwa njia za siri, wakafika Saudia. Imamu Ghalib hakurudi tena kukaa Omani, alifariki huko Dammam mwaka 2009.

Nchi za Kiarabu zililipeleka jambo hili Umoja wa Mataifa. Agosti 1957 Baraza la Usalama lilikataa hata kuliweka katika ajenda. Hoja ya Mwingereza ilikuwa kwamba anamsaidia rafiki dhidi ya waasi, na Seeb haukuwa mkataba wa nchi mbili. Ikazungushwa miaka, tume zikaundwa, na Desemba 1965 Baraza Kuu likapitisha azimio nambari 2073 kwamba watu wa Omani wana haki ya kujiamulia mambo yao, na Mwingereza aondoke. Mwaka 1965! Wa Tanuf walikwisha miaka minane bila ya paa.

Sasa nirudi kwa swali la mdogo wangu, maana najua ananisubiri.

Ukisoma barua za wakati ule na hoja zao, hukuti popote Mwingereza akisema tatizo ni dini. Sultani Said mwenyewe alikuwa na makadhi wa sharia. Saudia ni nchi ya dini kupita Nizwa, na Mwingereza alikuwa na ubalozi huko mpaka walipogombana mwaka 1956. Kumbe angeweza kukaa na serikali ya dini vizuri kabisa. Asichoweza kukaa nacho ni mtawala ambaye hakumweka yeye, hamlipi yeye, na akitia saini ya mafuta lazima kwanza awaulize maulamaa na makabila wake. Sultani mmoja unamalizana naye kwa barua, hawa watu wa kubai huwamalizi.

Lakini sitaki mdogo wangu aondoke na hadithi ya malaika na mashetani, kwa hiyo na mimi nijiulize. Nani alichagua? Waliombai Imamu ni wanaume, maulamaa na mashekhe wa makabila. Wanawake hawakuulizwa. Watumwa hawakuulizwa, na walikuwepo, bara na pwani, utumwa haukufutwa Omani mpaka 1970. Wabulushi na Mashia wa Matrah, Masunni wa Dhofar, wao Imamu wa Kiibadhi angekuwa wao kwa kiasi gani? Na silaha za Talib zilikuwa za Saudia, ambao maulamaa wao kwa miaka waliwahesabu Maibadhi kuwa wamepotea. Mgeni alikuwepo kila upande. Kosa la wakubwa wa Imamu, kwa maoni yangu mimi nisiye mwanachuoni, lilikuwa kumfungulia mlango jirani kama huyo.

Haya, na aliyelindwa na ndege je, alichaguliwa na nani? Said bin Taimur alipopewa nchi yote alihamia Salala mwaka 1958, hakuiona Maskati tena. Akaacha milango ya mji ifungwe usiku, skuli za serikali tatu nchi nzima, za wavulana tu, barabara ya lami kilomita chache. Mwaka 1964 jamaa zetu walipokimbia mapinduzi ya Unguja, wengi wao walifunga safari wakidhani wanakwenda kwao, Sultani akawazuia, wakaishia Dubai, Kuwait, Cairo. Mtu kakimbia panga Unguja, kafika nchi ya babu yake, kaambiwa rudi. Kwa jumla kama ni kupima nani alikuwa na ridhaa ya watu, hata kwa mizani iliyopinda, Nizwa ilikuwa nzito kuliko Salala.

Na mimi hapa nabanwa. Tarehe 23 Julai 1970 Sultani Qaboos alimpindua baba yake, kwa msaada wa maofisa wa Kiingereza walewale, na akatuita. Ami yangu alikuja 1973, alijua kusoma Kiingereza na kupiga taipu, akapewa kazi siku ya pili. Yeye ndiye aliyenivuta mimi baadaye. Nyumba niliyomo, skuli ya watoto, hospitali alipozaliwa mdogo wao, vyote vimetoka kwa upande ulioshinda mlima ule. Kama Ghalib angeshinda, sijui kama mtu wa Unguja asiyejua hata kusema Kiarabu sawasawa angepata nafasi kwake. Nikisema haki ilikuwa yao, nasema nimekaa juu ya faida ya kunyimwa kwao. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi na sijapata pa kulitua.

Huku watu hawalizungumzi sana. Kitabu cha skuli kinalipita haraka. Mwaka 2005 watu 31 walihukumiwa kwa tuhuma za kutaka kuupindua utawala, na ikasemwa walikuwa wanataka kurudisha uimamu. Baada ya wiki chache Sultani Qaboos akawasamehe wote, wakarudi majumbani mwao. Katiba ya 1996 ilisema Uislamu ni dini ya dola na sharia ndio msingi wa kutunga sheria. Mufti mkuu aliyeteuliwa mwaka 1975, Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, ni mzaliwa wa Unguja kama sisi. Dini ipo, misikiti imejaa. Zamani maulamaa walikuwa wakimteua mtawala, sasa mtawala anawateua maulamaa. Hiyo ndiyo tafauti, na watu wanaijua bila ya kuitaja.

Nilirudi Tanuf mwezi uliopita baada ya ile simu, safari hii peke yangu. Yule mzee sikumkuta, wakaniambia yuko kwa mwanawe Barka, magoti yanamsumbua. Nilikaa penye falaji nikatia miguu majini. Ikapita familia moja ya watalii, wakapiga picha za kuta, wakanywa maji ya chupa, yenye jina la mahali pale, wakaondoka. Nikaiokota ile chupa waliyoiacha nikaja nayo nyumbani. Ipo juu ya kabati, mwanangu ametia maua ndani.

Salamu kwa wote. Bibi mwambieni dawa ya macho nimeipata, nitampa abiria wa Jumatano.